Protini: Hakuna

Al-Malqa, Riyadh
14 Septemba 2024

Kaka Elphas,

Kabla hujauliza: mimi niko, Madam yuko, nyumba bado ni ya ghorofa tatu na bado naiosha peke yangu. Najua barua si mtindo wa siku hizi. Nahashon kila akipaki lori lake hapa hunicheka kwamba dunia nzima ina simu na mimi nimemgeuza posta. Lakini simu yangu unajua inakolala, kwenye droo ya Madam. Ijumaa nikipewa ile nusu saa, yeye hukaa kwenye sofa akinitazama mdomo. Kiswahili hasikii, ila uso anausoma vizuri sana. Na nusu saa hiyo ni ya mama na Beverly. Mtoto wangu ana miaka minane, hawezi kungoja nimalize kwanza habari za miguu na mjomba wake.

Naam, miguu. Imevimba, kaka. Asubuhi ni afadhali, lakini ikifika saa kumi viatu vya kazi vinakataa kuingia, navaa slipa za bafuni za baba mwenye nyumba. Nikibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba panabaki shimo, na shimo lenyewe halina haraka ya kujaa. Nikiamka macho yamefura kama niliyelia, na wallahi sijalia tangu Pasaka. Roselyne wa nyumba ya jirani, yule wa kutoka Kisii niliyekuambia tunakutana tukitoa taka, anasema ni chumvi.

Tumbo nalo limetoka kidogo. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu Madam ameanza kuliangalia. Jana nilikuwa napanga vyombo akanishika kiunoni, akacheka, lakini si kile kicheko cha kuchekea. Unajua hapa mwanamke asiye na mume akishukiwa ana mimba mambo yanaishia wapi. Sina mimba, Elphas. Nikutane na nani, jokofu?

Wewe ndiwe uliyesomea damu. Wewe ndiwe uliyenipima pale Nairobi ukanipitisha. Niambie hiki ni kitu gani. Na mama asijue.

Jibu mwachie mwenye bakala hapo kona, kama kawaida. Ataliweka chini ya mikate mpaka nitumwe dukani.

Mdogo wako,
Selipher


Al-Baghdadiyah, Jeddah
21 Septemba 2024

Dada Selipher,

Barua yako Nahashon alinipa pale getini bandarini, nikiwa na orodha ya makontena mkononi. Niliisoma nimesimama juani, na msimamizi akapiga yalla mara tatu kabla sijamsikia. Pole sana. Pole ya kweli.

Acha nikueleze polepole, maana ukielewa hutaogopa ovyo. Damu ukiitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, ukaiacha itulie, sehemu nyekundu inashuka chini. Juu yanabaki maji ya njano. Hayo ndiyo plazima. Tunayaita maji kwa mazoea tu, kwa sababu mna protini ndani yake na kila moja ina kazi yake. Nyingi zaidi ni albumini. Hiyo inabeba vitu, dawa na mafuta na mengineyo, lakini kazi yake kubwa ni kuyashika maji yasitoke nje ya mishipa. Kuna globulini, na baadhi yake ndizo kingamwili, zile zinazokumbuka surua uliyougua ukiwa darasa la pili hata kama wewe mwenyewe umeisahau. Halafu kuna fibrinojeni. Hiyo husafiri kimya kimya hadi siku ukijikata na kisu, ndipo inajisuka kuwa nyuzi na damu inaganda.

Nikisikia miguu yenye shimo, nafikiria albumini imepungua. Maji yamekosa wa kuyashika, yamevuja, yameshuka miguuni kwa sababu unasimama kutwa. Ila kupungua kuna sababu nyingi. Huenda huli vya kutosha, huenda ini limechoka kuitengeneza, huenda figo zinaiacha ipite kwenye mkojo. Kwa hiyo nijibu haya bila aibu, mimi si mgeni: Unakula nini? Macho yako yana umanjano? Mkojo wako una povu? Albumini ni ndugu wa ule ute mweupe wa yai, hata jina limetoka huko. Unajua ukiupiga ute kwa uma unavyofanya. Mkojo wenye albumini nao hufanya hivyo.

Yale mambo ya vipimo vya Nairobi ni ya kale, usiumize kichwa nayo. Nijibu upesi.

Kaka yako,
Elphas


Jeddah
21 Septemba 2024
(Hii haikutumwa.)

Selipher,

Lazima niandike mahali fulani hata kama sitakupa.

Protini ilikuwemo. Tarehe 3 Februari mwaka jana, ghorofa ya tatu, vichupa arobaini na viwili mezani na mimi peke yangu maabara. Kile kikaratasi cha kupimia mkojo kina kijisanduku cha njano. Kikibaki njano, hakuna protini. Kikigeuka kijani, ipo. Cha kwako kilikuwa kijani kabla sijamaliza kuhesabu sekunde. Alama mbili.

Utaratibu ni kumwambia mtu arudi siku nyingine apimwe tena, kwa sababu homa, uchovu, hata safari inaweza kuitoa protini kidogo ikapita yenyewe. Wewe ulikuwa umekaa ndani ya basi kwa muda wa saa tisa kutoka Butere. Nikajiambia ni basi. Kundi lenu lilikuwa linaruka Jumapili, wakala amesimama mlangoni anapokea vyeti kimoja kimoja, na wewe ulinitazama kupitia kioo ukanionyesha dole gumba. Nikaandika "Protini: hakuna". Nikapiga sahihi.

Niliona nakufanyia wema. Nilisema nitakwambia ujipime tena ukifika. Kisha ukafika, ukatuma picha umenenepa mashavu, nikafurahi. Elphas mzima, fundi wa maabara, nikafurahia mashavu.


Al-Malqa, Riyadh
3 Oktoba 2024

Kaka,

Povu lipo! Choo kinakuwa kama beseni la kufulia. Nilikuwa nadhani ni ile dawa ya choo ya Madam, kumbe ni mimi. Macho si manjano, nimejiangalia kwenye kioo cha bafuni mpaka nikajichoka. Kula nakula: wali, kuku akibaki, mkate.

Sasa sikiliza nilichofanya, utanipongeza. Ukisema albumini ni ute wa yai, na mimi nimepungukiwa, basi hesabu ni rahisi, si lazima mtu awe amefika chuo. Nikaanza kula mayai sita kwa siku. Ute tu. Viini namwekea paka wa Roselyne, amekuwa mnene hatembei. Asubuhi mawili, saa sita mawili, jioni mawili, nayala nimesimama nyuma ya mlango wa stoo.

Siku ya tisa Madam akafungua jokofu. "Selifa, wen beidh?" Mayai yako wapi? Nikasema nimekula mimi, kwa sababu ya miguu. Sasa mweleze mtu kwa Kiarabu cha jikoni kwamba unakula mayai ili miguu ikonde! Aliniangalia usoni, akaniangalia tumboni, akahesabu trei mbili tupu. Nilimwona anavyojumlisha. Tumbo, macho kufura, hamu ya kitu kimoja kila siku. Yeye ana watoto watano, anajua hamu ni nini. Alimwita baba, wakafunga mlango wa sebule, nikasikia neno kafili, ndiye mdhamini, na neno shurta, na shurta ni polisi.

Jumatatu ya tarehe 14 nikipelekwa kliniki nitapimwa mimba. Najua sina. Lakini Elphas, nikiogopa huwa nashuku hata ninachokijua. Roselyne ananiambia kuna mdada alipimwa mahali wakachanganya vichupa, jina la huyu likaenda kwa yule. Inawezekana? Niambie kwamba haiwezekani. Niambie anayeandika karatasi huwa anaandika alichokiona.

Miguu haijakonda.

Selipher


Jeddah
6 Oktoba 2024

Dada yangu,

Nahashon anaondoka baada ya saa moja, kwa hiyo nakimbia.

Acha mayai. Kosa ni langu, nilieleza nusu. Yai ukilila tumbo linalivunja vipande vidogo vidogo, ndipo ini linachukua vipande hivyo na kujenga albumini yake lenyewe. Ini lako naamini linafanya kazi kwa bidii. Shida ni kwamba kinachojengwa kinatokea chini. Figo ni chujio, na chujio lako limetanuka matundu. Ukiongeza mayai unaongeza kinachovuja, na figo unazichosha.

Nimekuwekea karatasi ya pili kwa Kiingereza. Ni ya daktari. Nimeomba apime protini kwenye mkojo, na albumini kwenye damu, na figo zenyewe. Mpe mkononi kabla hajakugusa. Usimpe Madam kwanza. Kipimo cha mimba kitatoka hakuna, na hapo wataridhika wakurudishe nyumbani. Usikubali kurudi. Simama hapo na karatasi yako, hata kama baba atasema halas, twende.

Vichupa kuchanganywa si jambo la kila siku. Weka jina lako mwenyewe kwenye kichupa, usimwachie mtu.

Ulichoniuliza mwishoni nitakujibu nikipata nafasi.

Elphas


Al-Malqa, Riyadh
20 Oktoba 2024

Kaka yangu mpenzi,

Mafi mimba! Hakuna! Daktari alisema kwa Kiarabu halafu akanigeukia mimi akasema kwa Kiingereza pia, ili nami nifurahi. Ni mama Msudani, mfupi, ana miwani kwenye mnyororo. Madam alishusha pumzi nikaisikia. Hakuomba radhi, hawa si watu wa kuomba radhi, lakini tulipofika nyumbani aliniwekea mezani chupa ya manukato yake iliyobaki nusu. Nimejipulizia. Barua hii inanukia kitajiri, utaniambia.

Baba alikuwa ameshainuka na funguo mkononi pale nilipotoa karatasi yako. Daktari aliisoma mara mbili, akauliza, "Nani kaandika hii?" Nikamwambia kaka yangu, fundi wa maabara. Sikusema kwamba sasa unahesabu makontena, samahani, siku hiyo nilikuhitaji uwe fundi.

Basi wakatoa damu. Protini kwenye mkojo alama tatu. Albumini 19. Nimekunakilia yote nyuma ya karatasi hii kama ilivyo. Daktari amesema ni figo, kama wewe ulivyosema ukiwa Jeddah bila kuniona, na akasema kaka yako ana akili. Nilijisikia mrefu.

Halafu akaniuliza: hii imeanza lini? Hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu nina jibu. Kile cheti cha Nairobi ninacho, ninakitunza pamoja na nakala ya ikama, kibali changu cha kukaa hapa. Nikamwonyesha. Protini: hakuna. Nikamwambia na huu pia ni mwandiko wake huyo huyo. Akafananisha karatasi mbili, akatabasamu. Akasema vizuri, basi ugonjwa ni mpya, ni wa miezi michache tu. Kama ungekuwa wa muda mrefu ingebidi achukue kipande cha figo kwa sindano akakiangalie kabla ya kuchagua dawa. Lakini kwa kuwa ni mpya atajaribu vidonge vya steroidi kwanza, nirudi baada ya wiki sita.

Kwa hiyo umeniokoa mara mbili, Elphas, leo na ile Februari. Nimemwambia mama Ijumaa kwamba wewe ni malaika. Amesema yeye alijua tangu ukiwa tumboni.

Kitu kingine ni kidogo tu. Shavu la mguu wa kushoto linauma, limekuwa gumu na lina joto, na sasa ni nene kuliko la kulia. Nafikiri ni ile ngazi ya kuoshea madirisha. Roselyne amenipa mafuta ya kuchua.

Mdogo wako asiye na mimba,
Selipher


Jeddah
22 Oktoba 2024

Selipher,

Barua yako ilinifikia saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano nilimpigia Madam. Namba yake ninayo tangu mkataba, na najua tulikatazwa. Nilitumia Kiarabu chote nilichonacho: damu, mguu, mustashfa, hospitali, sasa hivi, si kesho. Alikata. Nikapiga tena. Mara ya tatu alipokea baba, nikamwambia kwa Kiingereza. Utakapokuwa unasoma hii, naomba Mungu uwe umeshafika hospitali.

Usichue huo mguu. Ukiona bado wanauchua, wakataze.

Sikukuambia jambo hili mwezi wa tisa, nilidhani nakuepushia hofu. Figo zikivuja haziachi albumini peke yake ipite. Kingamwili zinatoka, ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hushikwa na mafua yasiyoisha. Zile protini ndogo zinazozuia damu isigande hovyo nazo zinatoka. Lakini fibrinojeni ni kubwa, haipiti. Inabaki, tena ini likiona upungufu linajenga kila kitu kwa pupa, na fibrinojeni inazidi. Damu inakuwa rahisi kuganda mahali isipotakiwa, na mara nyingi ni mguuni. Bonge la damu la namna hiyo likikatika likapanda mapafuni, mtu anaweza kufa akiwa anapiga deki.

Sasa lile jibu ulilokuwa unanidai. Uliniandikia: niambie anayeandika karatasi huwa anaandika alichokiona.

Mimi sikuandika nilichokiona. Siku ile protini ilikuwepo, Selipher. Alama mbili. Niliiona, nikajua maana yake, nikaandika hakuna. Nilijiambia ni uchovu wa basi. Ulikuwa unataka kuondoka sana, na mimi nilitaka unione nikikusaidia. Wakala alikuwa mlangoni lakini hakunilazimisha, hakuniomba hata, sitamsingizia. Ni mkono wangu. Nilipaswa kukurudisha Butere ukapumzike, upimwe tena baada ya wiki. Labda ingekuwa imepita. Labda ungeanza matibabu mapema zaidi. Hatutajua, na kutojua huko nimekuletea mimi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nimenyamaza mwaka mmoja na miezi minane, nimezoea. Lakini daktari wako ameutazama mwandiko wangu akaamua kwamba ugonjwa ni mpya. Si mpya. Anakutibu kwa kufuata uongo wangu. Mpe barua hii, au mpe hiyo karatasi ya Kiingereza niliyoiambatisha, yenye jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Mwambie una protini tangu 3 Februari 2023, na huenda kabla ya hapo. Achukue hicho kipande cha figo.

Sijui nikuombe nini. Kwanza pona.

Elphas


Riyadh
25 Oktoba 2024 (ujumbe wa simu)

Elphas bro,

Nimefika bakala, sistako hayuko. Mwenye duka anasema Jumanne mchana baba alimbeba kwa gari, mguu umefungwa, na hajarudi. Roselyne anasema yuko hospitali, anadungwa sindano za tumbo, anaongea poa. Kwa hivyo bahasha yako sikuacha, mikate inachukuliwa na kila mtu hapa na nimeona imefungwa na gundi mara mbili, nikajua ni ya maana. Nakurudishia.

Usipanic. Niko Jeddah Jumapili.

Nahashon


Jeddah
1 Novemba 2024

Selipher,

Bahasha hii ina barua mbili. Ya ndani ndiyo ya kwanza, ya tarehe 22 Oktoba. Anza na hiyo, halafu urudi hapa.

Umeisoma?

Nahashon alinirudishia ikiwa imefungwa vile vile. Siku hiyo hiyo Madam alinitumia sauti kwenye simu: Selifa zeina, kwamba u mzima, bonge limeonekana kwa kipimo na unapewa dawa ya kulizuia lisikue. Nililia mbele ya Wahindi ninaoishi nao, wakaniletea chai.

Kisha nikakaa na bahasha siku tano. Nataka ujue siku hizo tano nilizifanyia nini. Jumatatu nilijiambia hatari imepita. Jumanne nilijiambia nitakusimulia tukikutana nyumbani, uso kwa uso, ndiyo heshima. Jumatano niliichana kona moja, utaiona. Hakuna mtu angejua. Ungeendelea kumwambia mama kwamba mimi ni malaika na vidonge vingefanya kazi au visingefanya, na kama visingefanya daktari angesema ni bahati mbaya.

Nahashon anapakia vigae leo. Nimempa mkononi na nimemwambia asiiache dukani, akupe wewe mwenyewe, hata kama ni kupitia geti.

Elphas


Al-Malqa, Riyadh
17 Novemba 2024

Elphas,

Nilirudi nyumbani tarehe mbili. Barua nilipewa tarehe nne na Nahashon kwenye geti la nyuma, nikaisoma stoo nimekaa juu ya gunia la mchele. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Kila jibu nililoanza lilikuwa matusi, na mengine hata siyajui kuyaandika.

Nimekukasirikia. Nataka uisome hivyo hivyo. Nimekukasirikia mpaka chakula kimekuwa kichungu, ingawa Roselyne anasema huo ni uchungu wa vidonge.

Si kwa sababu ulinipitisha. Hapo mwisho nimejiuliza nikiwa peke yangu: ungeniambia siku ile kwamba nina protini, ningerudi Butere? Najijua. Nilikuwa nimeshaaga. Beverly alikuwa amenikumbatia shingoni nikamwondoa kidole kimoja kimoja. Labda ningekusihi uandike hakuna. Labda ningeondoka hivyo hivyo. Lakini ningeondoka nikijua. Ningejua kuuangalia mkojo wangu. Ningejua kuuliza. Miezi yote hii nimepanda ngazi na mguu ambao ungeniua, na wewe ulikuwa na habari za mwili wangu na mimi sina. Ulininyima kitu changu.

Na zaidi ni yale uliyofanya Septemba. Ulinieleza kila protini iliyomo kwenye damu, kazi ya hii na kazi ya ile, vizuri kabisa, nikakusifu kwa Roselyne. Moja tu hukuniambia, ile iliyokuwa yangu.

Daktari nilimpa karatasi. Nilifikiria kuichana sehemu yenye jina lako nikaiacha. Aliisoma, akavua miwani. Walichukua kipande cha figo wiki iliyopita, nililala kifudifudi, sikuona sindano. Ndani kuna makovu ya zamani. Zamani ya mwaka na zaidi, amesema, si ya miezi michache. Vidonge vile peke yake visingetosha. Amebadilisha dawa. Amesema sehemu iliyokufa haitarudi, iliyobaki anadhani itashikika, na kwamba nimeleta habari hii kabla ya kuchelewa kabisa. Kwa hiyo barua yako imefanya kazi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kukufariji.

Madam alitaka kunirudisha Kenya siku ile ile. Daktari amemwambia siruhusiwi kupanda ndege na mguu huu kwa sasa, na baba amesema mkataba uende mpaka Februari, kazi za kukaa tu. Nakunja nguo na kuchambua mchele. Miguu inaanza kuonyesha mifupa.

Mama bado anakuita malaika. Sijamwambia kitu, wala sitamwambia kwa niaba yako. Hiyo utaifanya mwenyewe.

Sasa neno la mwisho. Kila wiki mbili napimwa damu. Daktari ni mtu mwema, na ubaya wa watu wema wanapunguza makali. Ananiambia tunaendelea vizuri, halafu anaangalia dirishani. Madam anasoma Kiarabu ananiambia kwais, kwais, yaani safi. Roselyne anasema nitapona kwa jina la Yesu. Hakuna hapa anayejua kusoma namba zile na ambaye hana haja ya kunifurahisha. Na wewe una haja hiyo kuliko wote, najua. Lakini wewe pekee ndiwe unayejua sasa kunifurahisha huko kunagharimu nini.

Sijui kama nimekusamehe. Usiniulize. Usiniandikie salamu ndefu wala kunieleza albumini ni nini, nimeshajua. Nakutumia namba. Niambie.

Albumini ya tarehe 16 Novemba: 22.

Selipher


Jeddah
20 Novemba 2024

Dada Selipher,

Kawaida ni kuanzia 35. Ishirini na mbili ni mbaya.

Imepanda tatu.

Elphas